Fomu Iliyotumwa Ijumaa

Kisa hiki nimekisimulia Juba, nimekisimulia Lusaka, na kote huko nilisema kilimpata shemeji yangu. Shemeji mwenyewe ni fundi cherehani wa Biharamulo, hajawahi kugusa kompyuta. Kilinipata mimi.

Mwaka 2007 nilikuwa fundi wa kompyuta wa shirika moja la wakimbizi, ofisi ya Ngara mjini, pale kilimani. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, viatu vya kung'aa, na funguo kiunoni nyingi kuliko milango tuliyokuwa nayo. Intaneti yetu ilitoka kwenye dishi moja la setelaiti, na ilikuja kwa matone. Kila mara kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, kilipoanza kujisasisha chenyewe, barua pepe za bosi ziliganda, na bosi aliganda nazo. Basi nikazima masasisho kwenye kompyuta zote kumi na moja. Kijidirisha cha kukumbusha kilipotokea na Kiingereza chake, niliwafundisha wenzangu kubonyeza kile kitufe cha kusema baadaye. Walinisifu sana. Miaka minne tulibonyeza "baadaye".

Kila Alhamisi alikuja Nimpaye, mama Mrundi kutoka kambini, upande wa Kasulo. Binti yake Josiane alipotelea kwenye kuvuka Mto Ruvubu, ana miaka sita, na ilikuwa imeshapita miaka kumi na moja. Kazi yangu ya ziada ilikuwa kujaza fomu za kutafuta ndugu kwenye ukurasa wa makao makuu. Ya kwake niliijaza Februari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamejibu?"

"Bado, mama."

"Hiyo mashine yako ina wake wangapi? Kila nikija, haijarudi nyumbani."

Foleni nzima ilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Juni, Consolatha wa meza ya jirani aliniinamia akanong'ona, "Kaka Pancras, makao makuu wanauliza mbona Ngara hatujatuma fomu hata moja mwaka huu."

Nikachungulia. Ukurasa wao ulikuwa umebadilishwa Januari, na kivinjari chetu kikongwe hakikuuweza tena. Nilipobonyeza kutuma, ulififia, ukarudi mweupe. Mimi, mtaalamu, niliudhani weupe ule ndiyo kupokelewa. Fomu mia mbili na kumi na nne. Hakuna hata moja iliyovuka kilima cha Ngara.

Ningesema siku hiyo hiyo, leo nisingekuwa na kisa. Lakini Alhamisi ilifika, bosi kasimama nyuma yangu na wageni watatu wenye kamera, na Nimpaye huyo mbele ya meza.

"Wamejibu?"

"Wamejibu, mama. Wametafuta kote. Hayupo."

Hakulia. Aliuliza tu, "Hata kaburi?"

"Hata kaburi."

Akaomba karatasi yake, ile yenye maelezo ya Josiane niliyoyanakili kwenye fomu. Nikampa. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kitenge.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, tarehe ishirini na mbili, alizikwa Kasulo. Consolatha alisema hakuugua. Aliacha kula, basi. Waliomwosha walishindwa kuitoa ile karatasi mkononi, wakamzika nayo.

Wenzangu wote walikwenda mazikoni. Mimi nilisema nina kazi nyingi.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama, ofisi tupu. Niliwasha kompyuta nijaribu kurudia zile fomu kimyakimya, kabla hazijanitoa kazini. Kijidirisha kikatokea. Nikakifunga bila kusoma, kama kawaida yangu. Kikarudi. Nikakifunga. Kikarudi.

Safari hii nikakisoma. Kompyuta ile haikujua neno moja la Kiswahili. Lakini vitufe vyote viwili vilikuwa vya Kiswahili, na vyote viwili viliandikwa "Sasa".

Sikubonyeza. Mstari ukaanza kujaa wenyewe. Asilimia kumi. Thelathini. Nikachomoa waya wa dishi. Sitini. Nikachomoa umeme. Feni ikanyamaza. Kioo hakikuzima.

Mia.

Fomu ikafunguka. Herufi zikaanza kuingia, moja, nyingine, polepole, kama za mtu anayezitafuta kwa kidole kimoja. Jina, Josiane. Alama, kovu la moto chini ya goti la kushoto. Hilo la kovu sikuwahi kuliandika. Siku ile nilikuwa na haraka, nikaliruka.

Chumba kilinuka udongo uliotoka kuchimbwa.

"Mama," nikanong'ona.

Herufi zikasimama. Zilisimama muda mrefu. Kisha zikaendelea.

Ukurasa haukurudi mweupe.

Wiki ya tano, msichana wa miaka kumi na saba aliingia ofisini na begi dogo, akitembea kwa aibu. Kirundi chake na Kihangaza changu, lugha ya kwetu Ngara, vilielewana bila shida.

"Shikamoo. Namtafuta mama yangu."

"Marahaba. Mama yako nani?"

"Nimpaye. Aliniandikia fomu yeye mwenyewe, tarehe ishirini na mbili Juni. Wakanipata Muyinga, kwa masista."

Alikuwa na nakala mkononi, ina muhuri wa makao makuu. Kwenye nafasi ya aliyejaza, palikuwa na jina la mama yake. Macho yake yalikuwa yakiangalia mlango wa nyuma yangu, kana kwamba mtu angetoka huko wakati wowote. Consolatha aliacha kuandika, akanitazama.

Nilikuwa na nafasi ya pili. Wachache hupewa.

"Mama yako amesafiri," nikasema.

Msichana alishusha macho, kama anayeona aibu kwa niaba yangu. Akaigeuza karatasi inielekee, akaweka kidole chini kabisa, kwenye nafasi ya maelezo mengine, palipoandikwa:

"Atakwambia nimesafiri. Mwambie akupeleke Kasulo."