Shahada ya Ng'ombe Thelathini

Siku zisizo za shule, Monika na dada yake Joyness walifagia uwanja, wakachota maji, kisha wakaenda kupalilia pamba. Monika alikuwa darasa la saba. Joyness alikuwa amemaliza kidato cha sita, na tayari alikuwa amepata nafasi ya kusoma saikolojia katika chuo cha binafsi Dar es Salaam. Kijiji kizima cha Mwamapalala kilijua, maana baba yao, Ndaki, hakuwa mtu wa kukalia habari tamu.

"Mfanyabiashara Mahona atanikopesha milioni saba," alitamba. "Naweka rehani shamba la bondeni na maksai wote wanne. Joyness akihitimu, mahari ya msichana mwenye shahada haishuki chini ya ng'ombe thelathini! Nalipa deni siku moja, na ng'ombe wanabaki. Mtazameni Sylvester. Kasoma saikolojia hiyohiyo, leo ana ofisi Maswa."

Sylvester alikuwa mtoto wa kaka yake Ndaki. Kila Krismasi alikuja kijijini na shati jipya lililopigwa pasi.

Alhamisi Monika alikwenda Maswa na timu ya netiboli ya shule. Mtaa wa Nyalikungu, chini ya mwavuli uliochanika, alimwona Sylvester akiuza kava za simu.

"Kaka! Ofisi yako iko wapi?"

"Ndiyo hii," alisema Sylvester kwa uchungu. "Nilitoa ushauri nasaha kwenye mradi mmoja miezi kumi, kwa laki nne kwa mwezi. Mradi ukaisha, na kazi ikaisha. Mkopo wa chuo bado nadaiwa milioni tisa. Tafadhali, mdogo wangu, usiniaibishe nyumbani."

Maskini Monika! Akisema, dada yake atakosa chuo. Akinyamaza, shamba linalowalisha litakwenda. Jioni alimweleza Joyness.

"Ukifungua mdomo, wewe si ndugu yangu tena," Joyness alimjibu. "Unataka nizeekee kwenye pamba?"

Jumapili, baada ya ibada, Mahona alifika na karatasi yake. Ndaki alipokamata kalamu, Monika alishindwa kujizuia.

"Baba, usisaini!"

"Koma! Wakubwa wanaongea."

Monika akasema yote. Ndaki akapiga simu, akaweka sauti ya juu.

"Sylvester, mtoto anasema unauza kava za simu. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba mdogo. Nisamehe."

Ndaki aliweka kalamu chini. Mahona akakunja karatasi yake, akaondoka bila kuaga. Ndipo Joyness alipolipuka.

"Shahada yangu ulishaigeuza ng'ombe, baba! Na huyo mume hata hajulikani! Mbona hukuniuliza nitafanya kazi gani?"

"Na wewe ulimuuliza nani kuhusu mshahara wa kazi hiyo?" baba alifoka.

Joyness hakuwa amemuuliza mtu yeyote.

Wiki iliyofuata Sylvester alikuja mwenyewe. Alimsaidia Joyness kuomba chuo cha serikali chenye ada nafuu, shahada ya ualimu yenye masomo ya saikolojia ndani yake. Majibu yalipotoka, Joyness alikuwa amepata nafasi, na mkopo wa serikali ukatosha ada yote. Shamba likabaki, maksai wakabaki. Hata hivyo Joyness hakucheka; maneno aliyomwambia Monika bado yalikuwa kati yao.

"Kusoma saikolojia si kosa," Sylvester aliwaambia alipokuja tena. "Kosa letu ni kukopa kabla ya kuuliza. Ada ni kiasi gani? Kazi zipo? Mshahara wa kuanzia ni upi, na deni litaisha lini? Muulizeni aliyepita njia hiyo. Nami niliyepita niliwadanganya kwa mashati. Ningewapotezea shamba kwa kuogopa aibu."

"Ungesema ukweli mwaka jana, kaka," Joyness alisema, "nisingemtamkia mdogo wangu maneno yale."

Sylvester aliinamisha kichwa. Monika alisubiri dada yake amgeukie, lakini Joyness alinyanyuka, akaingia ndani peke yake.