Tairi Mbili za Mbele

Kitu cha kwanza alichokiona Koki ni zile nywele. Tairi mbili ambazo kaka yake Matheka alizibwaga mlangoni mwa kibanda cha Mzee Mativo, pale sokoni Gikomba, Nairobi, Jumanne moja ya Agosti 1978, zilikuwa bado na nywele ndogo za mpira, zile nyembamba kama sindano ambazo tairi hutoka nazo kiwandani na kuzipoteza barabarani siku za mwanzo. Hakuna mtu aliyewahi kuleta tairi yenye nywele ili ikatwe akala, vile viatu vya mpira wa tairi.

"Mwambie mzee azikate leo," Matheka alisema, akaondoka bila kungoja chai.

Mzee Mativo alichoma kisu mgongoni mwa tairi ya kwanza, akakitoa kimepinda ncha.

"Waya! Huyu fundi wenu wa magari hajui mimi sikati tairi ya waya? Mteja achomwe kisigino na akala yangu, kisha aje aninyonge hapa?" Akaipiga teke. "Zirudishe kwa mwenyewe."

Koki, ambaye kazi yake ilikuwa kukata kanda za akala na kuzipigilia misumari, alizisukuma tairi nyuma ya magunia. Alikuwa msichana wa maneno machache. Shule aliiacha darasa la tano, na tangu hapo alizoea kuona kitu, kukishangaa, na kukinyamazia. Alinuia kumwuliza kaka yake jioni. Lakini jioni Matheka alikula kimya, kama walivyokula kimya jioni zote tangu mwaka uliopita, naye hakuuliza.

Jumamosi asubuhi, gari jekundu la milango miwili, gari la michezo ambalo watoto wa mitaa ya Eastlands walilijua kwa mlio kabla halijatokea, lilishindwa kusimama kwenye mzunguko wa Outer Ring Road karibu na Donholm. Liliingia chini ya lori lililoegeshwa. Dereva wake, Thuo, mfanyabiashara kijana wa Donholm, alikufa palepale. Alasiri hiyo hiyo Inspekta Ngigi alibisha hodi kwao, mtaani Kaloleni.

"Wewe ndiye Matheka unayelitengeneza gari la Thuo?"

"Ni mimi, afande."

"Mpira wa breki ya mbele, ule unaopitisha mafuta, umekatwa. Vaa viatu twende."

Mlangoni inspekta alimgeukia Koki. "Na wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Nani?"

"Dada yake, afande."

"Sauti umeiacha wapi, sokoni?" alisema, lakini si kwa ukali.

Majirani waliosimama vibarazani hawakuhitaji kuelezwa. Mwaka uliotangulia, mdogo wao Matheka na Koki, Ndindi, mtoto wa miaka minane, alitumwa chumvi akagongwa na gari hilo hilo jekundu katika Barabara ya Jogoo. Hakimu alimtoza Thuo faini, akamrudishia leseni. Miezi michache baadaye Thuo alilipeleka gari kwenye gereji ya Shauri Moyo alikofanya kazi Matheka, akaipenda kazi ya mikono yake, akawa hataki fundi mwingine. Watu walimwuliza Matheka anawezaje. Alijibu kwamba kazi ni kazi.

Wazazi walikuwa wamekufa. Ndindi alikuwa amekufa. Koki alikuwa amebaki na huyo mmoja, na kila mtu pale kibarazani alijua kwamba mtu akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, ni kitanzi.

*

Jumapili Koki alipeleka chakula kituo cha polisi. Askari alimwambia angoje uani, na uani ndipo gari lilipokuwa limewekwa, pua yake imekunjamana kama karatasi. Koki alichuchumaa kando ya gurudumu la mbele kwa sababu kulikuwa na kivuli. Ndipo akaona kwamba ubavu wa ndani wa tairi, ule usioonekana na mpita njia, ulikuwa na mstari uliong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Alitazama juu yake. Mpira wa breki ulikuwa unaning'inia.

"Usiguse," ilisema sauti ya Inspekta Ngigi.

"Sijagusa, afande." Kisha maneno mengine yakamtoka kwa shida. "Haujakatwa."

"Umesemaje?"

"Mimi hukata mpira kila siku. Kisu kikipita huacha uso laini. Huu umeliwa. Upande mmoja umekwisha, halafu ndipo umepasuka."

Inspekta hakucheka. Alivua koti, akalala chini kwenye vumbi na tochi, akakaa huko muda mrefu. Alimwita askari azungushe usukani. Gurudumu lilipogeuka hadi mwisho, ubavu wa tairi ulikuja ukakaa pale pale mpira wa breki ulipopita.

"Ala!" alisema kutoka chini ya gari. Alijiburura nje, akasoma maandishi ya tairi za mbele, akazunguka nyuma, akarudi, akafungua mlango na kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye fremu. "Karatasi ya gari inasema upana wa tairi ni 175. Za nyuma ni 175. Hizi za mbele ni 195. Ni pana zaidi. Na hizi rimu si za gari hili. Ni za madoido, mwenyewe alizinunua. Zinaingia ndani kuliko za kwanza."

Alijaribu kupitisha kidole kati ya tairi na chuma kinachoshika mpira wa breki. Hakikupita.

"Mtu akifunga 175 kwenye rimu hizi, bado kuna nafasi. Akifunga 195, nafasi imekwisha. Akienda moja kwa moja hana neno. Kila anapokata kona, tairi inaulamba mpira wa breki kidogo. Kesho tena. Kesho kutwa tena."

"Basi si Matheka?"

"Basi si kisu," alisema inspekta, akijipangusa magoti. "Hilo tu ndilo nililosema, dada. Faili la mdogo wenu nimelisoma. Linanisumbua. Lakini faili si ushahidi."

Koki alishukuru kwa kichwa. Akiwa anaondoka alipita nyuma ya gari, na macho yakaanguka kwenye zile tairi za 175. Pembeni, ambako lami haifiki, zilikuwa bado na nywele. Kama zile za nyuma ya magunia. Akaangalia upande mwingine.

*

Jumatatu aliletwa Muasya, mwuza tairi wa soko la Burma, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na Koki, aliyeketi kwenye benchi la nje na kikapu cha chakula, alisikia yote.

"Ulimpa Matheka tairi gani za gari la Thuo?" inspekta aliuliza.

"Nne, afande. Zote 175. Mwenyewe nilizibeba mpaka gereji."

"Matheka, wewe unasemaje?"

"Alinipa mbili za 175 na mbili za 195. Alisema 175 zimekwisha, hata hizo zitaingia."

"Haki ya Mungu!" Kiti cha Muasya kiligonga ukuta. "Matheka, unaniangalia usoni ukisema hivyo? Zile 195 ulikuja kuzichukua jioni, mbili tu, ukaniambia ni za pikapu ya mtu! Tumetoka kijiji kimoja mimi na wewe!"

"Keti, mzee. Nani alikuona ukimpa?"

"Afande, nani hushuhudia tairi? Hii ni ndoa?"

Askari mmoja alicheka.

"Na wewe, fundi. Uliona si saizi yake, ukafunga?"

"Nilimwambia mwenye gari," Matheka alijibu, sauti tulivu kabisa. "Alisema pana ndizo zinazopendeza. Mteja akisema funga, nafunga."

Inspekta aliandika. Aliyeweza kukanusha hilo alikuwa mochari. Dukani kwa Muasya polisi hawakukuta 175 wala 195. Yeye alisema ni kwa sababu zote alimpa Matheka. Na hivyo ndivyo mwongo pia angesema. Mchana Muasya aliingizwa selo. Kuhusu Matheka, askari wa mapokezi alimwambia Koki aje kumchukua kesho asubuhi.

Alirudi kazini Gikomba akikimbia. Hakuwa amekimbia hivyo tangu utotoni.

Alimkuta mwanamke amesimama mbele ya kibanda, mtoto mgongoni.

"Wewe ndiye dada yake Matheka? Mimi ni Mirriam, mke wa Muasya. Usiogope, sikuja kugombana." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mume wangu ana kiburi, ana domo, lakini haibi. Kama anasema alitoa 175 nne, alitoa nne. Basi mbili ziko mahali. Tairi si maandazi, haziliwi. Ukisikia lolote, mdogo wangu, hata likiwa dogo, nihurumie mimi na huyu."

Koki alikiweka kikapu chini. Alisema atasikiliza. Mirriam alipokwenda, alienda nyuma ya magunia, akapangusa vumbi kwa pindo la leso. Shule alikuwa ameiacha, lakini tarakimu alizijua. Moja, saba, tano.

"Hizo bado ziko hapa?" Mzee Mativo aliguna. "Si nilikwambia uzirudishe?"

"Ndiyo, mzee."

"Au nizitie moto? Nina baridi ya mgongo, zitanisaidia."

Lilikuwa neno la mzaha. Koki alisimama nalo mpaka mzee akamwuliza kama anaumwa. Moto mmoja tu, na kesho Matheka angelala nyumbani, na Muasya angekaa selo na sauti yake ya kanisani, akiapa mpaka wachoke kumsikiliza.

"La, mzee," alisema mwishowe. "Nitazirudisha."

*

Jumanne asubuhi alibingirisha tairi moja kutoka Gikomba hadi kituoni. Nyingine hakuiweza. Watu walimpisha. Kijana mmoja wa mkokoteni alimwita, "Sasa, dereva! Gari liko wapi?" Alizidi kusukuma.

Matheka alikuwa ofisini kwa inspekta, amesimama, anafunga mkanda waliomrudishia. Aliiona tairi kabla ya kumwona aliyeileta. Mikono yake iliacha mkanda.

"Koki," alisema. "Koki, hapana."

Inspekta Ngigi aliinuka. Alisoma namba, akapitisha kiganja juu ya nywele za mpira taratibu, akalitazama tundu alilolichoma Mzee Mativo.

"Umeitoa wapi?"

"Kibandani kwetu. Ziko mbili." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Alizileta Jumanne iliyopita, tuzikate akala. Mzee hakati tairi ya waya. Nikaziweka."

"Kabla Thuo hajafa."

"Siku nne kabla, afande."

Inspekta alimgeukia Matheka. "Fundi, tairi mpya, saizi ya gari la Thuo, na wewe unazipeleka zikatwe viatu?"

Matheka aliketi bila kuambiwa.

"Nilijua zina waya," alimwambia Koki. "Sikujua hamkati waya. Nimekaa na wewe nyumba moja, nimevaa akala zako, na sikuwahi kukuuliza kazi yako ikoje."

"Muasya alikupa nne?" inspekta aliuliza.

"Nne. Mwachilie. Mbele nilifunga zile pana. Nilipima kwa kidole nikaona haziachi nafasi. Nilijua itachukua siku kadhaa."

"Na Thuo hakusema anataka pana."

"Thuo alisema, 'Wewe ndiye unajua, bwana.'" Alicheka bila pumzi. "Afande, nilingoja polisi. Nilingoja mahakama. Halafu gari lenyewe likaja mlangoni, na mwenyewe akanipa mkono. Kila akija alinipa mkono. Nikangoja siku moja aniulize, wewe na yule mtoto mna undugu gani? Mahakamani nilikaa benchi la nyuma yake. Hakunikumbuka. Mwaka mzima, hakunikumbuka."

"Ungeweza kuua na mwingine barabarani. Mtoto mwingine."

Matheka aliinamia mikono yake.

Muasya alitolewa kabla ya saa sita. Alipita ukumbini akiwa ameshikana na mkewe, akamwona Koki kwenye benchi, akaendelea kwenda. Mirriam aligeuka mara moja, akafungua kinywa, kisha akashika mtoto vizuri mgongoni na kutoka. Hakuna alichoweza kumwambia mtu aliyemrudishia mume wake kwa bei hiyo.

Inspekta aliwapa Koki na kaka yake dakika chache selo, askari akiwa mbali. Matheka alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Mkanda walikuwa wameuchukua tena.

"Kodi ya nyumba imelipwa mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Baada ya hapo nenda kwa shangazi Nthoki."

"Sawa."

"Ungenyamaza tu. Wewe hunyamaza siku zote."

Koki alishika chuma cha mlango kwa mikono yote miwili. Tangu mazishi hawakuwahi kulitaja jina la Ndindi nyumbani. Kila mmoja alimhurumia mwenzake, akameza lake na ugali. Alikuwa amedhani kaka yake amesamehe. Alikuwa amejiona yeye peke yake ndiye mwenye moyo mbaya.

"Hata mimi nilitaka Thuo afe, kaka," alisema. "Kila siku. Sikukwambia."