Mzigo Ukiwa Hewani

Ukumbi wa hospitali ulifurika watu. Dereva wa kreni, ambaye kazini walimwita Mwewe, alikuwa akitoka kwa daktari na ovaroli yake ya rangi ya chungwa na hereni ndogo masikioni, alipogongana na kijana mrefu aliyebeba sanduku. Miwani mikubwa myeusi ikamwagika sakafuni.

"Samahani, dada."

"Unauza miwani ya kupigia mbizi humu hospitalini, kaka?"

"Siuzi. Nawavalisha wenye maumivu ya kifua ambao moyo wao ni mzima."

Tabasamu la Mwewe likafifia. Daktari alikuwa amemwambia hayo hayo: moyo ni mzima kama kigongo, maumivu yanatoka kwenye umio, njia ya chakula, ameze dawa na ajaribu miwani. Yeye alisikia moja tu, kwamba anadeka.

"Kwa hiyo mimi muongo?"

"Nani kasema? King'ora kikilia bila moto, masikio si yanauma vilevile?"

Akacheka bila kutaka.

Alipovalishwa miwani ile ya picha hai, aliona ufuko mtulivu, na sauti ikamwongoza kupumua polepole. Kifua kikalegea kidogo. Wiki zikapita, kijana akaanza kumpigia simu.

"Umeshakula, kipenzi?"

"Nitakulaje na wewe hukati simu?"

"Na kifua?"

"Afadhali. Ila ufuko wako unanichosha. Mimi raha yangu iko kwenye kibanda changu kule juu. Kule hata pumzi inajua njia."

Alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha kreni pale kazini, na maumivu yake aliyaficha kazini. Wangesikia kifua, wangesema moyo, wangemshusha.

Asubuhi moja msimamizi wa ujenzi alimzuia penye ngazi ya kreni. "Binti yangu, leo hupandi. Juzi ulipopumzika alikuja kijana na kamera, akaniomba apande. Eti ni kwa ajili ya mgonjwa wake wa kifua anayependa kreni. Hapa ni nani huyo kama si wewe? Mwenye moyo mbovu simpandishi."

Mwewe akampigia kijana simu palepale. "Siri yangu umeianika juani!"

"Laazizi, sikutaja jina..."

"Usiniite laazizi!" Akakata.

Hakupokea simu zake tena. Aliyemlainisha ni fundi wa vyuma, mtani wake wa kazini. "Shemeji yetu yule? Anaogopa kupanda juu, maskini! Kila kipago cha ngazi alisimama kusali. Kashuka, katapika pale, lakini kamera kaikumbatia kama kitoto kichanga."

Mwewe akaenda hospitali, amenuna. Kijana akamvalisha miwani. Mara akawa kibandani kwake: mji umelala chini, jua linachomoza, ndege wanapita chini ya miguu yake. Na ndani ya picha ile ilisikika pumzi ya mtu anayetetemeka. Kifua kikafunguka.

"Nilikosea," kijana alisema. "Ningekuuliza kwanza."

"Ningekukatalia. Lakini kukataa kulikuwa haki yangu."

"Ni kweli. Nisamehe. Niende nikamweleze msimamizi?"

"Kaa hapo. Kinywa ninacho."

Akamwendea mwenyewe. "Mzee, nilikuficha kwa hofu, hilo ni kosa langu. Ila moyo wangu ni mzima. Mpigie daktari, nimemruhusu akwambie yote. Kifua kikiuma, siinui kitu mpaka kitulie. Nijaribu uone."

Msimamizi akazungumza na daktari kwa muda mrefu, akakuna kidevu. "Boriti moja. Nitakuwa nakutazama."

Kesho yake akapanda. Kule juu maumivu yakabisha hodi. Akaondoa mikono kwenye mitambo, akafumba macho, akapumua kama alivyozoeshwa ndani ya miwani, taratibu, mpaka yakaenda zao. Ndipo akainua. Boriti ikapaa imenyooka kama mstari, na wote chini wakainua shingo. Sauti moja, ya kijana wa miwani aliyekuja kumtazama, ikawapita wengine: "Mnamwona? Huyo ni wangu!"

Redio ikakoroma. "Mwewe, ni mimi. Nimemnyang'anya msimamizi redio. Utakubali nikuoe?"

Mkono wake haukutikisika.

"Nina mzigo hewani, bwana. Toka kwenye redio."

Akaizungusha boriti, akaishusha juu ya nguzo zake, ikakaa bila hata kugonga. Mafundi wakapiga miluzi. Msimamizi akavua kofia. Mwewe akajinyoosha kitini, akabonyeza redio.

"Nimeshautua. Haya, uliza tena."