Salamu za Tarehe Mbili Septemba

Wapo watu wa Same watakaokuambia kwamba muziki wa mji ule ulizaliwa tarehe mbili Septemba, na wala hawatanii. Gramafoni ya kwanza ya dukani ilishuka kwenye treni tarehe hiyo, mwaka 1955. Bendi yao ilitajwa redioni kwa mara ya kwanza tarehe hiyo hiyo, mwaka 1956. Mwaka uliofuata, tarehe hiyo tena, gari la kurekodi likaja kutoka Nairobi. Wanachosahau kukuambia ni habari ya Tumainieli, karani wa stesheni na mpiga tarumbeta, ambaye siku zote tatu zilimgusa kwa sababu ya mwalimu mmoja wa Suji.

Ijumaa ile ya 1955 stesheni ilijaa watu, kuku na magunia ya maharage. Kasha la gramafoni lilipofunguliwa, umati haukumruhusu mwenye duka kuondoka nalo. Walitaka kusikia pale pale. Tumainieli, kaptula yake ya kaki imenyooka kwa pasi, akajipa uongozi. Akaweka santuri, akashusha sindano. Ikatoka sauti nzito ya mtu mgonjwa, ikajivuta, ikanyamaza.

"Imeharibikia njiani," akatangaza.

"Haijaharibika. Hujaijaza."

Aliyesema ni msichana mwenye gauni la maua ya buluu, mkanda mwembamba kiunoni, vumbi mpaka magotini, na mzigo wa daftari kifuani. Akaweka mzigo chini, akashika mpini wa pembeni na kuuzungusha mpaka ukagoma. Wimbo ukachangamka, na watu wakapiga vigelegele.

"Ahsante, mwalimu," alisema Tumainieli.

"Nani kakuambia mimi ni mwalimu?"

"Umenisahihisha mbele za watu na hukuona haya."

Msichana akacheka. Jina lake lilikuwa Lea, binti wa Mzee Lukasi, mzee wa kanisa huko Suji. Kabla treni haijaondoka, Tumainieli alikuwa amekwisha kupenda, na alijijua.

Suji iko milimani juu ya Makanya, na stesheni ya Makanya ilikuwa na simu ya reli. Jumamosi Lea aliteremka gulioni, akapita stesheni, na Chande, karani wa pale, akatoka nje kwenda kuangalia reli ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Same, hapa Makanya."

"Makanya, nakusikia. Kuna treni?"

"Hakuna treni. Kuna mimi."

"Basi njia ni nyeupe, mpenzi. Njoo."

"Nitembee relini kama mbuzi?"

"Mbuzi wangu, lakini."

"Wa kwako tangu lini? Umelipia kamba?"

Mambo yakaenda hivyo karibu mwaka mzima, wala Shirika la Reli halikupata hasara.

Kosa alilifanya Tumainieli kwa moyo safi. Yeye alikuwa mtu wa Shighatini, Ugweno, upande wa pili kabisa wa Upare, na desturi za Suji alizijua kwa kusikia tu. Akaandika barua kwa redio ya Dar es Salaam. Jumapili, tarehe mbili Septemba 1956, waumini walipotoka ibadani na kuizunguka redio ya betri pale zahanati, mtangazaji akasoma: "Tumainieli, mpiga tarumbeta wa bendi ya Same, anamsalimu mchumba wake, Lea binti Lukasi wa Suji."

Moyo wa Lea uliruka kwa furaha. Kisha akauona uso wa baba yake.

Kwao mwanamke haitwi mchumba mpaka wazee wa mwanamume wameingia nyumbani, wameketi na wamesikilizwa. Sasa majirani walikuwa wanampa Mzee Lukasi mkono na kumuuliza kwa nini posa imeliwa kimyakimya.

"Nyumba yangu ina mlango," alisema mzee yule. "Kwa nini mwanangu aposwe kwa betri?"

Jumamosi iliyofuata simu ya Makanya haikulia, na iliyofuata pia. Tumainieli akaamini kwamba binti wa kanisa ameona aibu kupendwa na mpiga tarumbeta wa dansi. Lea akaamini kwamba mwanamume yule alitaka tu jina lake lisikike kutoka Dar es Salaam. Hapo Lea alikuwa amekosea nusu tu.

Wakaumia miezi mitano, kila mmoja peke yake, mpaka Chande akachoka.

"Bwana wee," akamwambia Tumainieli kwenye simu, "tarumbeta haina kesi. Umemwita mchumba kabla ya kumposa. Tuma mtu mzima!"

Akamtuma mjomba wake, Mzee Aminieli. Mzee akapanda Suji mara tatu. Mara mbili alipewa maji ya kunywa na kimya. Mara ya tatu akarudi na jibu: kijana alimtia Lukasi aibu mbele za watu, basi aje aombe mbele za watu, siku ya msaragambo, watu wote watakapokutana kuzibua ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Siku yenyewe ni Jumatatu, tarehe mbili Septemba 1957. Asipofika, Lukasi hatamsikiliza tena.

Wiki mbili baadaye barua ikatoka Nairobi. Gari la kurekodi lingefika Same Jumatatu hiyo hiyo, kwa siku moja tu.

Jumamosi kabla yake, simu ya Makanya ililia, kama ilivyokuwa imeanza tena tangu mjomba alipopanda Suji.

"Lea! Mwombe baba asogeze siku."

"Ndiva ni ya kijiji kizima, Tumaini. Mvua za vuli zitamngoja nani?"

"Na gari nalo halingoji. Nimepiga tarumbeta miaka tisa kwa ajili ya siku hii."

"Najua."

"Basi niambie nifanye nini."

"Siwezi. Nikikuambia, utanilaumu mpaka uzeeni. Lakini nakupenda. Hilo nakuambia."

Jumatatu alfajiri pembe ililia milimani kuwaita watu kazini. Tumainieli alikuwa amekwisha kufika, shati jeupe, jembe begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefuata nini huku?"

"Kuchimba, mzee. Na kuomba radhi. Na kumwomba Lea."

"Sema kwa nguvu," alisema Mzee Lukasi. "Mwaka jana ulisikika mpaka Myamba."

Watu wakaangua kicheko. Tumainieli akarudia kwa sauti ya kupasua kifua. Mzee akamgeukia binti yake, aliyesimama na karai la tope kichwani.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, baba."

"Unasemaje?"

"Alete wazee wake. Nipo."

Huko Same, saa hizo hizo, bendi ilirekodi bila tarumbeta. Danieli, mpiga gitaa, alijaza pengo kwa kupiga mluzi. Santuri ilipofika Februari, mwezi mmoja baada ya harusi, mji mzima ukapagawa na ule mluzi. Hakuna aliyeuliza tarumbeta ilikuwa wapi.

Tumainieli aliisikiliza mara moja, dukani, akatoka nje. Lea akamkuta amekaa kwenye ngazi.

"Unajuta?" akamuuliza.

"Najuta."

"Kunioa?"

"Hapana. Santuri. Najuta sana, Lea, mpaka naona aibu."

Lea akakunja gauni lake, akaketi karibu naye. Ndani ya duka waliirudia tena.

"Juta tu," alisema. "Sina haraka."