Nywele za Wateja Wako

"Lundo langu liko wapi?"

Fundi cherehani alikuwa amesimama uani, simu sikioni, begi la sare alizotoka kuzipima shuleni bado likining'inia begani. Kwenye kona palipokuwa na lundo la mboji lililomfika kiunoni, sasa palikuwa peupe, pamefagiliwa.

"Ah, hilo," mchumba wake akajibu, mashine ya kunyolea ikinguruma. "Mama mwenye nyumba kaagiza liondolewe. Anasema ni uchafu."

"Lini?"

"Asubuhi. Mpenzi, nimeshika kichwa cha mtu hapa. Tutaongea."

Akakata.

Msomaji, usimcheke dada wa watu kwa kulilia takataka. Alipohamia, ua ule ulikuwa vifusi vya simenti tupu. Hata magugu yalipakwepa. Miezi mitano alilundika maganda ya jikoni, majani makavu na vipande vya pamba vya kazini kwake, akinyunyizia maji na kugeuza kwa koleo kila Jumapili. Na nywele. Kila Jumamosi mchumba wake, kinyozi, alimletea mfuko wa nywele alizofagia saluni, kwa kuwa nazo huoza zikalisha udongo. Wengine huletewa maua. Yeye mifuko ile ndiyo iliyomlegeza, na sasa harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Akaenda kugonga mlango wa mbele.

"Shikamoo mama. Lundo langu limekukosea nini?"

"Marahaba. Mimi?" Mama mwenye nyumba akapandisha miwani. "Mwanangu, tangu uanze kuchukua maganda yangu, pipa halinuki na nzi wamehama. Nilikuwa nasubiri liive nikuombe ndoo mbili. Aliyekuja na mkokoteni ni mchumba wako. Nikajua mmeelewana."

Fundi akageuka aondoke.

"Na kuna jingine, bora ulisikie kwangu. Mtaani wanasema unakusanya nywele za watu kwa mambo ya uchawi."

"Si wamuulize anayeniletea?"

"Walimuuliza. Mume wangu alikuwepo, ananyolewa. Akawajibu hajui unazitoa wapi, labda unaokota jaani."

Fundi alirudi chumbani, akakaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Kilichomuuma hakikuwa lundo tena. Akaandika ujumbe:

"Wateja wamekuuliza nywele nazitoa wapi. Uliwajibu nini?"

Ukasomwa. Jibu halikuja. Baada ya nusu saa akaja mwenyewe, mpole kama maji ya mtungini.

"Niliogopa," akasema akiwa bado mlangoni. "Viti vilikaa wazi siku mbili. Saluni ndiyo inayonilisha, na ndiyo ingetulisha wote."

"Kwa hiyo ukanitoa mimi kafara, ili kiti kipate mtu."

"Nilisema neno moja tu. Nikaona lundo likiondoka, maneno yataisha."

"Na mama mwenye nyumba? Kakukosea nini, mpaka umsingizie?"

Akainamisha kichwa. "Nitakutafutia samadi. Gari zima."

"Sikuomba samadi. Maganda hayaishi duniani, lundo nitaanza jingine kesho. Jina langu utaanza nalo wapi?"

"Tufunge ndoa kwanza. Watu watasahau."

"Niingie nyumbani kwako nikiwa mchawi, nisubiri watu wasahau?" Akasimama, akafungua mlango wote. "Ndoa hakuna. Waambie ndugu zako chochote. Si unajua kuwajibu watu?"

Alilia, tusidanganyane. Alimpenda yule mwanamume, na kumfukuza hakukumpunguzia chochote. Kinyozi alipiga simu siku nzima ya Alhamisi, hazikupokelewa. Ijumaa hakupiga.

Jumamosi asubuhi fundi alikuwa akikata kitambaa aliposikia hodi. Mlangoni alisimama mzee mmoja, mstaafu wa posta. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa unang'aa, wa kushoto mvi zimesimama.

"Binti, ni wewe unayegeuza nywele kuwa udongo?"

"Shikamoo mzee. Nani kakwambia hivyo?"

"Marahaba. Mwenye saluni. Kazima redio katikati ya kichwa changu, kasema mbele ya watu wote: 'Nywele zile nilikuwa nampelekea mimi. Nilimkana kwa kuogopa kukosa wateja, na lundo nimelitupa mimi.' Watatu wakaondoka palepale. Nami nikainuka, nikasema zangu nizione kwanza."

"Kakutuma kwangu?"

"Anitume nani? Alinisihi nikae amalize."

Fundi akampeleka uani. Kwenye ufa wa ukuta, mkokoteni ulikuwa umeacha konzi mbili tatu za mboji ya chini iliyokwisha kuiva. Akazikwangua, akamwekea mzee kiganjani. Ilikuwa nyeusi, yenye unyevu, inanukia kama ardhi iliyonyeshewa, na nyungunyungu mmoja akajipinda kutafuta giza.

"Tafuta nywele zako, mzee."

Mzee akafikicha, akasogeza machoni, akafikicha tena. "Sizioni."

"Hata mimi sizioni. Huyo mchawi angezipatia wapi?"

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. "Na kazi yake nini hasa?"

"Udongo uliochoka inaupa nguvu, nao unashika maji, hata jua likizidi mboga haisinyai. Na kinachooza hapa hakiendi kunuka jalalani wala kuchomwa moshi ukatuingia puani."

"Basi mke wangu nitamwambia. Sisi tunatupa maganda kila siku."

Wakaenda saluni pamoja, watu wakigeuka kutazama kile kichwa. Kinyozi alikuwa peke yake, redio bado imezimwa. Alipomwona fundi, kitana kikamponyoka.

"Kinyozi hajinyoi," mzee akamwambia akikaa, "ila wewe leo umejinyoa hadharani. Haya, malizia changu."

Fundi akabaki mlangoni.

"Kwa nini hukunipigia uniambie unataka kusema?"

"Ningekuita uje unisikilize, ningekuwa nasema ili unirudie." Akaokota kitana. "Nilitaka wasikie wao tu."

"Na kesho wakikuuliza habari zangu?"

"Nitasema ninachokijua."

"Hata wateja wasiporudi?"

Kinyozi akatazama viti vitatu vilivyopangwa ukutani. "Hawajarudi," akasema.

Fundi naye akavitazama. Kisha akaingia, akakaa kwenye kimojawapo, akangoja amalize kichwa cha mzee.