Uzi Mwekundu wa Falmata

Enzi zile wana wawili wa marehemu mfalme wa Kadawa walipokuwa wakigombea kiti, Jemedari Bukar aliongoza wapanda farasi mia mbili wa yule mkubwa. Farasi walivishwa deraya nene za pamba zilizozuia mishale, na kila mpiganaji alishonewa ya kwake mwilini na mkewe, alfajiri ya vita. Kuukata uzi ule kabla ya ushindi ilikuwa aibu isiyofutika: mke alirudishwa kwao, mume akaitwa mwoga maisha yake yote.

Desturi tamu kwa wanaobaki nyumbani!

Waliuvuka mto Ngaru asubuhi, maji yakiwafika farasi mabegani. Hakuna aliyekumbuka kwamba pamba hunywa maji. Walipotokea ng'ambo, farasi walitetemeka kwa uzito, kwato zikididimia topeni. Mto ulikuwa umewazunguka pande tatu. Upande wa nne, juu ya ukingo, jeshi la mwana mdogo lilisimama kimya na mikuki yake, wala halikuwa na haraka.

Bukar alishambulia mara mbili. Mara zote mbili farasi wa mbele walianguka wenyewe kabla ya kuguswa.

"Tufe tulivyoshonwa, Jemedari," alisema Kyari, msaidizi wake mwenye mvi. "Wake zetu wabaki na heshima."

"Watabaki wajane, Baba Kyari."

"Na Falmata? Utamwambia nini mkeo?"

Bukar aliutazama uzi mwekundu kifuani pake, akachomoa jambia, akaukata huku akilia waziwazi. Kisha akakata mikanda ya deraya ya farasi wake. Mmoja mmoja wakamfuata, hata Kyari. Wakaupanda ukingo vifua wazi, farasi wakiwa wepesi, wakalipasua jeshi lililokuwa limeshaanza kuwacheka. Arobaini waliuawa kwa mishale. Waliobaki walitoka hai, lakini bila ushindi.

Mjini walipokewa kwa ngoma ya aibu. Falmata alikuwa mlangoni, mizigo yake imeshafungwa. Alikigusa kifua cha mumewe, pale vipande vya uzi vilipokuwa vimenasa.

"Nilikaza mno," alisema. Akajitwika mizigo, akaenda kwao.

Waimbaji wa ikulu wanamwita Bukar mwoga hadi leo. Lakini tangu mwaka ule wanawake wa Kadawa waliwashonea waume zao kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja, na hakuna aliyemwambia mfalme yeyote.