Gitaa Lililozeeshwa Ndani ya Friza

Gitaa lilikaa ndani ya friza tangu asubuhi, na lilipotolewa saa nane mchana lilikuwa na joto.

Si lote. Mshonaji ndiye aliyelitoa, tena kwa hasira, maana lilikuwa limelalia nyama yake ya wiki nzima. Aliona barafu imeganda pande zote za ubao isipokuwa sehemu moja ya juu, pale mpigaji anapolaza mkono. Hapo palikuwa pakavu. Alipopagusa palikuwa na vuguvugu, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Alilitua mezani, akafuta kiganja kwenye gauni lake, akamwita mdogo wake aje aondoe takataka yake jikoni.

Mdogo wake alikuwa na miaka thelathini na minne, lakini nyumbani bado aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Riziki yake ilikuwa kutengeneza redio na spika za watu. Alikuja na mashine ya kukaushia nywele mkononi, akaanza kulipuliza gitaa hewa ya moto bila hata kuomba radhi. Vanishi ikalia ta, ta, ta, ikapasuka nyufa nyembamba kutoka ukingo hadi ukingo. Kitinda akacheka peke yake. Ndiyo iliyokuwa hila yake: vanishi iliyoganda ikipigwa na joto la ghafla hupasuka, na gitaa la mwezi jana likaonekana limezeeka kuliko aliyelishika.

Dada yake alimwambia kuna mahali hapakupata baridi. Kitinda akajibu kwamba friza ni mbovu. Friza haikuwa mbovu. Nyama iliyokuwa chini ya gitaa ungeweza kupigilia misumari nayo.

Tuseme wazi alichokuwa anafanya, maana yeye mwenyewe alikipa majina mazuri mazuri, mara heshima, mara urithi. Alikuwa anatengeneza uongo. Ukumbi mmoja wa muziki ulikuwa unaandaa kabati la kioo la kuwekea vitu vya bendi za zamani, na Kitinda, bila kuulizwa na mtu, alikwenda kuwaambia kwamba gitaa la marehemu baba yake liko nyumbani. Halikuwepo. Baba aliondoka nalo siku aliyoondoka, Kitinda akiwa na miaka mitatu, na mwaka uliofuata zikaja habari kwamba amefia mji mwingine. Gitaa likapotelea huko huko. Basi Kitinda akanunua jipya la umbo lile lile na rangi ile ile, akalileta nyumbani kulizeesha.

Baba mwenyewe hakumkumbuka hata sauti. Alikuwa na picha moja tu, mtu aliyevaa tai, anacheka, gitaa kifuani. Alimpenda huyo mtu wa kwenye picha kuliko wanawake wawili waliomlea, na jambo hilo lilimkata dada yake maini kila siku ya Mungu.

Picha haikuonyesha alama za gitaa, kwa hiyo akamfuata dada yake, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na mmoja. Angeweza kusema amesahau. Lakini alikuwa amelichukia gitaa lile kiasi kwamba alilijua kuliko nyuso za shangazi zake. Alikuwa amemwona baba akilifuta kwa kitambaa laini, akiliongelesha kwa upole, kisha anageuka na kumtukana mama kwa sababu ya chumvi. Kwa hiyo alimwambia mdogo wake yote, tena kwa ukali, akidhani kwamba akiyatoa kifuani yatamtoka. Alimwambia rangi ilipolika kwa mkono wa kulia. Alimwambia mikwaruzo ya nyuma, iliyotokana na bizimu ya mkanda. Alimwambia doa la moto kwenye kichwa cha gitaa, pale baba alipokuwa akichomeka sigara wakati wa kupiga.

Alama moja hakuisema. Ukingo wa chini wa gitaa lile ulikuwa umebonyea, mbao imeingia ndani, na mshonaji alijua lilibonyea lini. Siku hiyo alirudi kutoka shule akamkuta mama amekaa sakafuni jikoni, gauni lina damu, na baba yuko mlangoni anaondoka, gitaa mkononi. Ni wazi alimpiga nalo. Mama hakulizungumza, binti hakuuliza, na yule mdogo akaachwa na picha yake.

Kazi ikaendelea. Kitinda alisugua mbao kwa msasa mpaka rangi ikatoka. Alipaka rangi ya viatu kwenye nyufa ili zionekane chafu. Skrubu alizifungia kwenye kopo lenye siki na chumvi zikaota kutu, na plastiki nyeupe akailoweka kwenye chai ya rangi. Nyumba nzima ikanuka siki. Kisha, siku ya nne, ikaanza kunuka tumbaku.

Hakuna aliyevuta sigara humo ndani. Mshonaji alifungua madirisha, akafua mapazia, akagombana na jirani wa ghorofa ya chini bure. Harufu haikutoka. Ilikuja na nyingine, ya mafuta ya nywele ya kopo, yale mazito, na zote mbili zilikuwa kali zaidi karibu na meza ya Kitinda. Jioni moja, mdogo wake akiwa ameketi mbele yake anakunywa uji, alimsikia mwanamume anakohoa bafuni. Alimtazama Kitinda. Kitinda naye alikuwa ameacha kijiko hewani.

"Umesikia?" dada akanong'ona.

"Bomba hilo," Kitinda akasema, na midomo yake ilikuwa imekauka.

Asubuhi yake alama zilikuwa zimeongezeka. Nyuma ya shingo ya gitaa, mahali pa kidole gumba, palikuwa pamelika, mbao laini, inang'aa kwa jasho la miaka. Mshonaji aliikumbuka alama hiyo alipoiona, na alijua kwamba hakuwa ameisema. Kitinda aliapa hakuigusa. Aliapa huku anatabasamu, na hapo ndipo dada yake alipoogopa kwa kweli, kwa sababu hilo tabasamu lilikuwa la kwenye picha.

Kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Aliacha kusalimia. Alikaa kwenye kiti cha mama bila kuomba. Alisema "Chai," neno moja tu, kama anayemwambia mtumishi, na dada yake akamjibu kwamba birika linamfahamu, alifuate. Yule Kitinda wa zamani angecheka. Huyu alimtazama muda mrefu.

Na mama? Mama alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye maneno machache. Siku ya kwanza alipoliona gitaa lile mezani alizima jiko na kwenda kulala jua halijazama. Mshonaji alimwomba mdogo wake alitoe gitaa nyumbani, kama anamwonea huruma mama. Alimwomba mara tatu. Mara ya tatu Kitinda alimjibu kwa sauti iliyotoka chini kabisa ya kifua kwamba nyumba hii ina mwenyewe, na amechoka kusikia kuku wakiwika.

Jumamosi alasiri umeme ulikatika mtaa mzima. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake ya kukanyaga, mama anachambua mchele jikoni, wakati spika ya chumbani kwa Kitinda, ambayo haikuwa na umeme wala betri, iliponguruma mara moja na kunyamaza, kisha gitaa likaanza kupigwa, taratibu, kwa ufundi, na Kitinda katika maisha yake yote hakuwahi kujua kupiga hata nyimbo za shule, na nyuzi zikawa zinapanda na kushuka na harufu ya tumbaku ikapita chini ya mlango na kujaa sebuleni mpaka macho yakamwasha, naye mshonaji akainuka, akabaki amesimama na kipande cha kitambaa mkononi huku mlango unafunguka na mdogo wake anatoka, amelikumbatia lile gitaa, kichwa ameinamisha upande kama yule wa kwenye picha, nywele amezilaza nyuma kama yule, anaelekea jikoni alipo mama.

"Nani amekuruhusu kukaa?" ile sauti ikauliza.

Mama hakuinuka. Punje za mchele zilimtoka vidoleni zikarudi kwenye ungo.

Hasira ndiyo iliyomtoa mshonaji pale alipokuwa amegandia. Alikimbia akasimama katikati yao. Alimwambia mama, bila kumwondolea macho yule aliyesimama mbele yake, kwamba amekosa, kwamba alitaja alama zote isipokuwa ile ya ukingo wa chini, na sasa gitaa linaitaka, limekuja kukupiga tena, mama, ndiyo pekee iliyobaki.

"Kunipiga nani?" mama akauliza.

"Wewe. Niliiona damu."

Mama alisimama polepole, akaweka ungo juu ya jiko. Akamsogeza binti yake pembeni.

"Damu ile haikuwa yangu," akasema. "Alikuwa ameinua mkono kwako, siku iliyotangulia, kwa sababu ulicheka kwa sauti. Nikalala nalo hilo. Kesho yake nikamnyang'anya gitaa lake, nikampasua nalo bega, likateleza likapiga ukingo wa sinki. Ndipo alipoondoka. Hakuondoka mwenyewe, mwanangu. Nilimtoa."

Ile sura iliyokuwa juu ya uso wa Kitinda ikasita. Mama alifika, akashika gitaa kwa shingo kwa mikono yake miwili, na kwa nguvu ambazo mshonaji hakujua zimejificha wapi kwenye mwili ule, akalivuta, akalizungusha, akalibamiza ukingo wa chini kwenye saruji ya sinki. Mbao ikabonyea. Nyuzi zikapiga kelele zote kwa pamoja, na ndani ya kelele hizo kulikuwa na tusi, neno zima, lile lile la chumvi. Kisha kimya. Harufu ikakatika kama imefungwa mlango.

Kitinda alikaa chini kwenye sakafu, akalia kwa sauti yake mwenyewe.

Mshonaji aliuliza kama lilikuwa jini. Mama alikuwa ameshika sinki anatafuta pumzi. Alisema hajui. Huenda ni jini lililomvaa baba yao tangu mwanzo, huenda ni yeye mwenyewe, lakini asije mtu akamsingizia jini mambo ambayo mume wake aliyafanya mchana kweupe akiwa na akili zake.

Ungetegemea yaishie hapo. Kitinda alifuta uso, akawatazama mmoja mmoja. Akasema miaka thelathini na moja wamemlisha uongo, wakamwacha anaibusu picha.

"Ulikuwa unamlilia," mama akamwambia. "Nikaona nikuachie huyo wa kumlilia."

"Nyinyi mlikuwa naye. Mimi nimempata wiki moja."

"Wiki moja imekutosha kumjua."

Kitinda aliliokota gitaa akaingia nalo chumbani.

Asubuhi mshonaji alipoamka alikuta mlango wa mdogo wake uko wazi. Kitinda alikuwa amekaa dirishani, gitaa mapajani, kisu cha fundi pembeni yake. Alikuwa anaziba. Ile sehemu iliyobonyea alikuwa ameijaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ameusawazisha vizuri, na sasa anaupaka rangi kwa kibrashi, kwa upendo, ulimi umemtoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Dada yake alitaka kumrukia. Aliwaza kulivunja gitaa vipande vipande na vidole vyake pia. Lakini chumba kilikuwa kimeanza kunuka tumbaku.

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, ameshaona.

"Acha hiyo, mwanangu," mama akasema.

"Nataka arudi."

"Acha, njoo unywe chai."

"Amesema na mimi," Kitinda akasema, na hii ilikuwa sauti yake kabisa, ndiyo iliyoumiza. "Amesema nina mikono yake."

Uso wa mama ulikuwa mkali, na machozi yalikuwa yanauteremkia bila kuubadilisha hata kidogo. Alikwenda mpaka mlango wa mbele, akaufungua wote.

"Huyo nilimtoa mara mbili. Sina nguvu ya mara ya tatu. Ukimtaka, mtake huko nje."

Mshonaji alisema mama, huyu ni mtoto wako. Mama alimjibu kwamba anajua ni wa nani, alimzaa kwa uchungu wa siku mbili. Kitinda alisimama na gitaa lake lililozibwa, rangi haijakauka, akawapita wote wawili bila kuwatazama, akatoka. Mama akaufunga mlango, akazungusha ufunguo, akabaki ameushikilia kama kuna anayesukuma.

"Amevaa nini miguuni?" akauliza. "Kuna baridi nje."

"Ndala, mama."

Wakasikiliza. Ndala za Kitinda zilikuwa zinateremka ngazi, pwata, pwata, na pembeni yake, hatua kwa hatua, bila haraka, vilikuwa vinateremka viatu vya visigino vigumu.